Daftari la Magoli Niliyokosa

Mechi ilikuwa imebakiza chini ya dakika moja. Wao 32, sisi 31, na mpira uko mikononi mwangu ndani ya duara la kufungia, hatua mbili tu kutoka kwenye nguzo. Kwa mfungaji wa netiboli, hapo unafunga hata ukiwa umeamshwa usingizini. Sheria inakupa sekunde tatu za kukaa na mpira, na siku zile mlinzi hakuruhusiwi kusimama karibu yako chini ya sentimita 90, kwa hiyo yule GK wao, mlinda goli, alikuwa amenyoosha mkono mbele ya uso wangu mpaka nikawa naona udongo mwekundu ndani ya kucha zake. Nikatupa. Mpira ukagonga ukingo wa pete, ukazunguka, ukatokea nje. GA wetu, mfungaji mwenzangu, akauwahi, akanirudishia. Nikatupa tena. Safari hii haukugusa hata pete.

Filimbi ikalia. Watu wakaingia uwanjani kuwabeba wapinzani wetu, na mimi nikabaki nimeshika ile nguzo kana kwamba nikiiachia nitaanguka.

Nilikuwa kidato cha tatu. Yalikuwa mashindano ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, hapa hapa Lindi, na mechi ile ndiyo iliyokuwa inaamua shule ipi itatoa wachezaji wengi wa kwenda kambi ya mkoa. Leo ni mwalimu, nafundisha wasichana netiboli katika sekondari moja ya mkoa huu. Kila mwaka ukifika msimu wa mashindano, simu yangu haikai kimya. Mzazi anaandika: mwalimu, binti yangu tangu wafungwe hali chakula, haongei, anasema raba zake nimpe mdogo wake, nimwambie nini? Nimekuwa nikijibu kwa vipande vipande miaka mingi. Leo najibu kwa kirefu, kwa sababu maumivu yale nayajua yanakaa wapi mwilini.

Naanza na usiku wenyewe wa kufungwa, maana hapo ndipo watu wazima tunapoharibu zaidi.

Tulirudi shuleni kwa Fuso, tumesimama nyuma, tumeshikilia mabomba. Asubuhi tulikwenda tukiimba. Jioni mwalimu aliyetusindikiza alisimama katikati yetu akaanza kutusema: mmeaibisha shule, mmekula nauli bure, na wewe, akaninyooshea kidole, wewe ndiye umetuuza. Neno hilo nililibeba miaka. Simchukii, baadaye nilielewa kwamba naye alikuwa ameumia na hakujua pa kuyaweka maumivu yake. Lakini saa ile mchezaji moyo bado unamdunda, miguu inatetemeka, masikio yameziba. Hasikii maneno, anasikia hasira. Hakuna funzo linaloingia kwa mlango huo, kinachoingia ni woga tu, na mchezaji mwenye woga siku nyingine hataomba mpira.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa na habari tayari. Lindi habari humtangulia mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji yako bafuni, ya moto."

Hakuongeza neno. Nilipotoka kuoga akaniwekea wali na samaki wa nazi, akakaa pembeni na ungo wake, anachambua mchele wa kesho. Nililia tonge likiwa mkononi. Akaniacha nilie. Hakusema nyamaza, hakusema ni mchezo tu.

Mzazi mwenzangu, nakuomba uige hapo. Usimwambie mtoto kwamba ni mchezo tu. Kwake si mchezo tu, ameamka alfajiri miezi minne kwa ajili yake, amekosa kwenda ngomani na wenzake, amefua jezi moja kila siku ili asubuhi iwe kavu. Wala usimwambie amecheza vizuri ikiwa mwenyewe anajua hakucheza vizuri. Atajua humwambii kweli, na siku utakapomsifu kwa haki hatakuamini. Mpe maji, chakula, usingizi. Mazungumzo yana siku yake.

Basi, kesho yake shuleni nikakuta maelezo yameshaiva.

Mwenzetu mmoja alisema aliona kipande cha kitambaa chekundu kimefukiwa chini ya nguzo tuliyofungia robo ya mwisho. Mnaofuatilia michezo mnajua inavyokuwa: kila timu husemekana ina "kamati ya ufundi", na ufundi unaosemwa hapo si wa mazoezi. Mpaka saa nne shule nzima ilikuwa inajua kwamba tumerogwa. Wengine wakasema ni refa. Wengine wakasema ni upepo, maana miezi hiyo kusi inavuma kutoka baharini na uwanja ule uko wazi pande zote. Na mimi nilikuwa na maelezo yangu ya siri ambayo sikumwambia mtu: kwamba sifai, kwamba sikuzaliwa kwa ajili ya kitu hiki, na watu sasa wamejua.

Nimeyafikiria sana maelezo yale manne tangu siku hizo. Hakuna hata moja linalokupa kazi ya kufanya kesho jioni. Ukiwa umerogwa utamtafuta mganga. Refa akikuonea utalalamika. Upepo utausubiri upite. Na ukishaamua kwamba hufai, utakaa chini. Hata lile la mwisho, ambalo linaonekana kama unyenyekevu, ni njia tu ya kukwepa kuitazama mechi. Mimi nilijihukumu haraka ili nisilazimike kukumbuka.

Sidharau imani za wazee wangu, wala sisemi marefa hawakosei. Wanakosea, na pale penye haki ya kukata rufaa, timu ikate kwa utaratibu. Ila kitambaa kile kilitula wiki mbili nzima. Wiki mbili hatukufanya mazoezi, tulikuwa tunamtafuta aliyekifukia. Na hakuna aliyekumbuka jambo la wazi kabisa: katika netiboli timu hubadilishana magoli kila robo. Wapinzani wetu walifungia nguzo ileile robo ya kwanza na ya tatu, chini ya upepo uleule, na mipira yao ikaingia.

Wiki ya tatu shule zilifungwa, tukaenda shamba upande wa Mtama, kwenye mikorosho mama aliyoachiwa na babu. Mwaka uliotangulia alivuna kidogo mno, magunia ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ubwiriunga uliingia kwenye maua. Kwa msomaji asiye wa Kusini: ni ugonjwa wa ukungu, unaacha unga mweupe kwenye machipukizi na maua, yanageuka kahawia, yanakauka, korosho haishiki. Na kwetu Lindi na Mtwara korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo harusi. Msimu ukikataa, familia inakaa mwaka mzima inahesabu.

Nilidhani nitamkuta na uchungu. Nilimkuta anatembea mti kwa mti. Anavuta tawi, anageuza jani, anasimama, anakumbuka kwa sauti. Huu wa bondeni matawi yamebanana, hewa haipiti, tulitakiwa kuupogolea. Ile ya kule juu tulipuliza salfa jua likiwa limeshatoka. Umande ulikuwa umekauka, unga haukushika kwenye maua, ukachukuliwa na upepo. Huu hapa tuliuwahi alfajiri, ndiyo maana ulizaa. Alikuwa anaukumbuka kila mti na siku yake.

Nikamuuliza kama hakasiriki akiiona ile iliyomkosesha.

"Nilikasirika mwaka jana, nikamaliza," akasema. "Mkorosho ukikosa hauuliwi, mwanangu. Unaulizwa."

Akapita kwenye mti mwingine. Hakuwa ananihubiria, hata sidhani kama alikuwa anafikiria netiboli. Ila mimi pale nilimkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa ameteguka kifundo cha mguu, ambaye siku ya mechi alikaa mezani badala ya kucheza. Alikuwa anaandika kitu.

Shule zilipofunguliwa nikamfuata. Akanitolea daftari la kurasa 80, jalada limeng'oka. Alikuwa amegawa ukurasa mara nne, robo moja moja, na kwa kila mpira niliotupa ameweka nukta ukiingia na mkasi ukikosa. Tukakaa chini ya mwembe tukahesabu. Robo ya kwanza nilitupa mara 10, nikafunga 9. Ya pili mara 10, nikafunga 8. Ya tatu mara 10, nikafunga 6. Ya nne mara 9, nikafunga 3.

Nilihesabu tena. Mji mzima ulikuwa unazungumzia mipira miwili, na mimi mwenyewe usiku nilikuwa naiota hiyo miwili. Daftari lilikuwa na mikasi 13. Sita ya robo ya nne, na minne ya robo iliyotangulia. Ukifuatisha mikasi ile kwa kidole unaiona inaongezeka kama maji yanavyojaa: mmoja, miwili, minne, sita. Mechi ile sikuipoteza dakika ya mwisho. Nilianza kuipoteza mapema, wakati bado tunaongoza na watu wananishangilia.

Mikono yangu haikuwa imesahau kufunga. Miguu ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Niwaeleze jinsi inavyokuwa, maana hata wachezaji wengi hawajui. Pete ya netiboli iko juu mita 3.05 kutoka ardhini na haina ubao nyuma yake kama wa mpira wa kikapu. Huwezi kuubamiza mpira ukutani uingie. Lazima upande juu kupita pete kisha ushuke ndani yake. Nguvu ya kuupandisha inatoka magotini: unakunja, unanyoosha, mikono na vidole vinaelekeza tu. Magoti yakichoka mwili unadanganya, unaanza kusukuma kwa mikono. Mpira unakwenda tambarare, unagonga ukingo wa mbele, unarudi. Mpira wangu wa kwanza wa dakika ile ulikuwa wa namna hiyo. Wa pili niliusukuma kwa nguvu zaidi kwa sababu ya hofu, ukapita juu.

Halafu tukajiuliza: mazoezini tunafanyaje? Tulikuwa tunaanza na kutupa, mipira 50 tukiwa freshi, uwanjani nyuma ya madarasa ambapo upepo haufiki. Mbio tulikimbia mwishoni, na baada ya mbio tunakwenda nyumbani. Kwa hiyo nilikuwa hodari wa kufunga nikiwa sijachoka na hakuna upepo, na mechi haikuniuliza hilo.

Tukageuza mpangilio. Jioni maji yakikupwa tulikuwa tunakimbia kwenye mchanga wa pwani, ule laini unaomeza kisigino, tunarudi moja kwa moja kwenye nguzo, na kabla pumzi haijatulia natupa mipira 10. Mwenzangu anaandika. Wiki ya kwanza nilifunga 4 kati ya 10. Nilitaka kuacha. Wiki ya pili 4 tena. Mwezi wa pili ukiisha zikawa 7, na siku moja moja 8. Wala sikuwa nimekuwa mtu mwingine, nilikuwa nimejua tu pa kufanyia kazi.

Hapa nataka nikae kidogo na neno ujasiri, kwa sababu wasichana wangu wengi wanadhani ujasiri ni kutoumia. Mwezi mmoja baada ya mechi ile tulikuwa na mechi ya kirafiki kwenye uwanja uleule. Tangu asubuhi tumbo lilikuwa linanikata. Nilifika mapema kuliko wote, nikaenda mpaka pale, hatua mbili kutoka kwenye nguzo, nikasimama. Palikuwa na kokoto ndogo na ganda la korosho. Hakuna kingine. Nilikuwa nimepageuza pahali pa kutisha kichwani mwangu, na kumbe ni udongo tu kama udongo mwingine. Nikatupa mipira mitano peke yangu, mikono ikitetemeka wazi wazi, miwili ikaingia. Sikuondoka nikiwa sina hofu, hofu nilikuwa nayo na nikacheza nayo.

Kuhusu maneno ya watu: yatakuwepo. Vijana wa bodaboda walinipa jina, wakiniona wananyoosha vidole viwili. Siku moja sokoni bibi mmoja muuza samaki akanikazia macho.

"Wewe si yule uliyekosa mpira?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Utacheza tena?"

"Nitacheza."

"Haya," akasema, akaniongezea samaki mmoja juu ya fungu.

Kabla ya hapo nilikuwa nazunguka njia za nyuma ili nisikutane na watu. Jibu lile fupi, ndiye mimi, lilinitua mzigo kuliko miezi yote ya kujificha. Nawaambia wasichana: mtu akikutajia kosa lako, likubali kwa sentensi moja, usiongeze sababu, usiinamishe kichwa. Aliyekuja kukuchoma hana pa kushika tena, na aliyekuwa anauliza kwa wema atakuonyesha wema wake.

Mwaka uliofuata tulifungwa tena. Sitawadanganya kwa hadithi inayoishia kwenye kombe. Tulifungwa nusu fainali, 28 kwa 24. Lakini daftari, ambalo sasa lilikuwa la timu nzima, lilionyesha kwamba robo ya nne nilitupa mara 9 nikafunga 8, na tatizo la siku ile lilikuwa katikati, mipira ilikuwa haifiki kwenye duara. Tukalijua tatizo jioni ya siku ya pili. Nikachaguliwa timu ya mkoa. Huko taifa tulifungwa mechi nyingi kuliko tulizoshinda, mara nyingine kwa tofauti ya magoli 20, na wasichana warefu wenye pumzi ya mbwa mwitu. Kuna kufungwa kwingine funzo lake ni hilo tu: wenzako wamekuzidi, wamefundishwa mapema kuliko wewe, wana viwanja na wewe una mchanga. Hilo nalo lisemwe kama lilivyo. Si kila kipigo kina siri ndani yake ya kufukua, na kocha asiwatese watoto kutafuta kosa ambalo halipo.

Watu wa mkoa huu tumeyaona haya kwa timu kubwa pia. Namungo ya Ruangwa mwaka 2020 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2 kwa 1. Kwa kuwa Simba tayari walikuwa mabingwa wa ligi, Namungo wakapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakawatoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7 kwa 5, wakaingia hatua ya makundi, na huko wakapoteza mechi zote sita dhidi ya Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Nakumbuka vicheko vya mitaani. Mimi vicheko vile viliniudhi sana. Timu kutoka wilaya ya Ruangwa, ambayo msimu mmoja tu nyuma ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ilikuwa inapoteza mbele ya Raja. Ni klabu ngapi za nchi hii zimewahi kufika mahali pa kupotezea mechi kama zile? Jirani zetu wa Mtwara wakati huohuo walikuwa na kidonda kingine, Ndanda ilishuka daraja mwaka 2020 baada ya misimu sita, na uwanja wao wa Nangwanda Sijaona ukapoa. Najua watu wazima waliolia siku ile.

Darasani nikizungumzia mambo haya huwa namtaja John Stephen Akhwari, na huwa nauliza swali moja. Wote wanajua kwamba mwaka 1968 kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico alianguka, akaumia goti, akamaliza wa 57, wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, mguu umefungwa bendeji. Nauliza: baada ya hapo alifanya nini? Kimya. Mwaka 1970 alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, akamaliza wa tano kwa saa 2 dakika 15. Sisi tunapenda picha ya goti lenye bendeji, na inastahili kupendwa. Lakini mimi ninachotaka wasichana wangu wakijue ni ile miaka miwili ya katikati ambayo hakuna aliyeipiga picha: kupona, kuanza kutembea, kuanza kukimbia, asubuhi kwa asubuhi.

Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, naye wamemwona wenyewe. Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alimaliza wa 17. Ni mtu aliyekuwa na medali ya shaba ya dunia tangu mwaka 2017, na kwa umri wake wengi wangesema ameshamaliza. Septemba 2025 kule Tokyo akawa bingwa wa dunia, yeye na Mjerumani aliyekuwa mbele yake hatua chache kabla ya utepe wakaandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, tofauti ikawa sehemu tatu za mia za sekunde. Wasichana waliitazama video ile kwenye simu yangu mara nyingi sana. Mmoja akasema, "Mwalimu, angalia, bado anasukuma kifua." Ndiyo. Angalia hapo.

Makocha wenzangu, haya ni yenu. Mechi ikiisha kwa kufungwa, kusanyeni watoto, hesabuni kama wote wapo na nani ameumia, wapeni maji, semeni tutaongea keshokutwa, basi. Fimbo na matusi viacheni kabisa. Wekeni mtu wa daftari kila mechi. Kalamu na karatasi vinatosha, na mara nyingi anayefaa ni yule mchezaji aliyeumia au asiyepangwa, naye anajisikia yumo. Na daftari msilitumie kama hati ya mashtaka, litawadanganya. Mwaka fulani nilikuwa na mchezaji wa kati, C, ambaye kila robo ya tatu alikuwa anapoteza mipira ovyo. Nilishaanza kumwita mvivu moyoni. Nikamwita pembeni nikamuuliza leo umekula nini. Chai ya rangi saa moja asubuhi. Mechi ilikuwa saa tisa alasiri. Siku mbili nyingine alikuwa kwenye hedhi, hana taulo, na aliona aibu kusema kwa kuwa mwalimu wa michezo siku zile alikuwa mwanamume. Tangu hapo mihogo ya kuchemsha na ndizi vinakuwepo kabla ya mechi, na ndani ya sanduku la huduma ya kwanza kuna taulo, kila mmoja anajua anachukua bila kuomba. Robo ya tatu ya binti yule ikabadilika yenyewe.

Na wewe msichana au mvulana unayesoma hapa ukiwa umefungwa juzi: lia kwanza. Kula. Kama raba umeshamgawia mdogo wako, mwambie akutunzie tu. Siku ya tatu tafuta mtu mmoja aliyeiona mechi akiwa ametulia, si shabiki wa kupiga kelele, umuombe akueleze ilianza kuharibika wapi. Usimuulize nani alikosea. Muulize ilianza wapi. Utashangaa jinsi jibu linavyokuwa mbali na pale unapoumia. Halafu chukua jambo moja tu, dogo, unaloweza kulifanya jioni ya leo kwenye uwanja ulionao na mpira ulionao, hata kama ni wa kushonwa.

Msimu huu tumefungwa tena, tofauti ya magoli mawili, na aliyekosa mpira wa mwisho ni mtoto wa kidato cha pili, mdogo wa mwili, anayetoka ng'ambo ya Kitunda, kila siku anavuka kwa kivuko. Siku mbili hakuja shuleni. Sikumfuata, nilimtumia tu salamu kwa mwenzake na kitabu alichosahau. Siku ya tatu nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya stoo ya michezo, sketi imelowa maji ya chumvi pindoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakunywa chai?"

"Bado." Akasimama, akajifuta mikono kwenye sketi. "Mwalimu, naomba kuona daftari."

Nikatoa ufunguo.